Naam ya Mstari wa Nne

Jumatatu saa tatu za asubuhi Rasha Badar alimaliza kuandika kwa penseli majina tisa juu ya kibao cha marumaru, akapangusa mikono, akaanza kuyasoma kwa sauti. Hiyo ilikuwa kanuni ya karakana tangu enzi za marehemu baba yake. Jina husomwa mara tatu kabla halijaguswa na tindo, kwa sababu karatasi hufutika na jiwe halifutiki. Kanuni ilikuja baada ya baba mtu kumchongea daktari mmoja wa meno kibao kilichosema "Daktari wa Maneno". Kilikaa mlangoni mwezi mzima, na wagonjwa wakaja kweli, kila mmoja na maneno yake.

Karakana ilikuwa Kiponda, katika mji mkongwe wa Unguja, chumba cha chini chenye feni moja na mlango mzito. Rasha, mwanamke wa miaka arubaini, alichonga humo mihuri, ngao za mashindano ya skuli na vibao vya mawakili. Kazi hii ilikuwa kubwa kuliko zote alizopata. Karibu na soko la Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa, ulikuwa umejengwa mnara wa kuwakumbuka wanajeshi tisa wa upande ule waliopewa nishani katika vita vya ukombozi wa Kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, zaidi ya miaka khamsini iliyopita. Mnara ungezinduliwa Jumamosi. Kibao kilitakiwa Alkhamisi asubuhi.

Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akasoma la nne: "Hayati Kificho Ubwa Masoud."

"Naam," likaitika jiwe.

Rasha akangoja kidogo, akasoma tena, likaitika tena. Akayasoma matano yaliyobaki, yote kimya, kama inavyopasa majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Akaurudia mstari wa nne kwa mara ya tatu, maana kanuni ni kanuni, na sauti ikaitika vilevile, sauti ya kijana asiye na haraka.

Kuitika hakukumsumbua sana. Baba yake aliwahi kuletewa jiwe lililokuwa likikohoa kila likimwagiwa maji, na alilichonga, na likalipiwa. Kilichomsumbua Rasha ni ain, ile herufi ya Kiarabu. Naam ile ilitoka kooni, kwa ain iliyotimia, kama waitamkavyo watu wa mjini wenye asili ya Uarabuni, waliochapwa bakora chuo cha Kurani mpaka wakajua kwamba ain si a. Watu wa Mkokotoni na Tumbatu huitika naam nyepesi, imetoka mdomoni na imekwenda zake. Jina lilikuwa la kule, naam ilikuwa ya huku. Baba yake Rasha alikuwa akiitika hivyohivyo.

Akampigia simu Hafiz, katibu wa Kamati ya Mnara. Hafiz alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, kanzu yake haina kunyanzi hata Ijumaa jioni. Aliuliza kama sauti ni kubwa. Rasha akasema ni ya kawaida. Hafiz akasema basi haina neno, ilimradi jiwe lisije likaitika katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, na akamkumbusha kwamba orodha imeshapitishwa na haiongezwi hata nukta. Rasha akachonga. Mpaka magharibi majina yote tisa yalikuwa yamekaa katika marumaru.

Jumanne asubuhi mzee mmoja alipiga hodi. Alikuwa mwembamba, kofia yake ya kazi ya mkono imefifia, na kwapani amebana mfuko wa nailoni. Rasha akamwamkia shikamoo, mzee akasema marahaba, akakaribishwa kwenye kigoda. Rasha akauliza nani mwenzangu.

"Nani," akajibu mzee.

Hakuwa akifanya mzaha. Kwao Mkokotoni aliitwa Mzee Nani, kwa sababu kila mtu aliyetaka kumwita alifungua mdomo, akatafuta, akaishia kusema "yule nani hii". Akatoa kitambulisho chake kumwonesha. Picha ilikuwepo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo, na pa jina palikuwa peupe. Alikwisha kubadilishiwa mara nne. Ofisini hutoka na jina, akifika nyumbani halipo, na makarani walikwisha kumwambia asikae na kadi juani. Ndoa yake ilifungwa kwa kunyooshewa kidole. Binti yake, Mwatum, alipoandikishwa skuli, jina lake lilimruka baba likaangukia kwa babu, akawa Mwatum Ubwa, na kwa mujibu wa daftari la skuli ni dada wa baba yake mzazi.

Rasha akamuuliza lilipotea lini.

"Halikupotea, mwanangu," mzee alisema. "Nliliazimisha."

Akaeleza bila ya kupamba. Mwaka wa sabiini na mbili alikuwa na miaka ishirini na barua ya kuitwa jeshini mkononi, na ilikuwa inajulikana kwamba watakaoitwa watapelekwa Kusini. Aliogopa. Alilisema neno hilo mara mbili, kama mtu aliyetua mzigo anaangalia kama umekaa sawa. Alikuwa na rafiki, kijana wa mjini waliyesoma naye ufundi wa seremala, ambaye yeye alitaka kwenda. Rafiki huyo alikwisha kwenda kujiandikisha mara tatu. Kila mara karani aliuliza jina la pili, na akishatajiwa huiweka kalamu chini. Ilikuwa miaka minane tu baada ya Mapinduzi, na majina ya namna ile yalikuwa yakiwekewa kalamu chini. Basi wakakaa kitako wakakubaliana. Mmoja akatoa barua na jina, mwengine akatoa mwili.

"N'kamwambia, ukirudi nrudishie," mzee alisema. "Hakurudi."

Siku ileile rafiki alipotia saini kwenye lango la kambi, mama wa huyu mzee, Bi Mwanakhamis, alitoka uani kumwita mwanawe aje kula, akasimama na mwiko mkononi hajui aite nini. Miaka miwili baadaye watu wawili walikuja nyumbani na bahasha. Walimwambia Bi Mwanakhamis kwamba mwanawe amewavusha wenzake watano mtoni chini ya risasi na hakuwahi kuvuka yeye, na kwamba amepewa nishani. Mwanawe ndiye aliyewapelekea kahawa.

Hapo mzee akafungua mfuko wa nailoni. Nishani ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, utepe umeliwa na mende upande mmoja.

Rasha, aliyeikumbuka naam ya baba yake, akauliza huyo rafiki ni Talal gani. Mzee hakuwa ametaja Talal. Akamtazama, akasema, "Talal Ghanim. Wa Hurumzi."

Talal alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Rasha. Nyumbani kwao, huko Hurumzi mjini, ilijulikana kwamba alikimbilia Maskati kwenye mafuta, hakuaga, hakuandika barua, hakuja kumzika mama yake. Rasha alikua akijua kwamba ana ami mmoja mwenye roho mbaya. Alimkasirikia mzee yule hasira ya kweli. Miaka khamsini Mkokotoni si mbali na Hurumzi, gari zinakwenda na kurudi kutwa. Akamwambia hivyo. Mzee akasema anajua, lakini angekwenda kupiga hodi aseme nani amekuja?

Kisha akasema alichokijia. Ana miaka sabiini na tatu na kifua hakimpi raha. Akifa atasomewa talkini, shehe atakaa juu ya kaburi amwite kwa jina lake na la mama yake, amkumbushe majibu ya maswali atakayoulizwa. Watamwita Nani mwana wa Mwanakhamis. Malaika watauliza nani, na yeye atajibu nani, na mambo yataharibika. Rasha hakucheka, wala mzee hakutegemea acheke.

"Yeye kalishika jina langu kwa kuwa hana jengine," mzee alisema. "Mpeni lake, aniachie langu. Na muwahi kabla jiwe halijatiwa ukutani. Saruji ikishakauka, basi tena."

Ili kuhakikisha, Rasha aliusoma mstari wa nne. Jiwe likaitika naam. Mzee akaivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

"Ndiye yeye," akasema. "Hata chuo cha ufundi akituchekesha kwa ain yake hiyo."

Baada ya alasiri walikwenda Hurumzi, ghorofa ya pili, kwa Bi Jokha. Bi Jokha alikuwa dada yake Talal, ana miaka sabiini na moja, mjane, hashuki ngazi ila kwa maziko. Mwaka wa tatu wa kungoja barua aliweka amri kwamba jina la kaka yake lisitajwe ndani ya nyumba ile, na mama yao alipokuwa katika sakarati ya mauti akataka kulitaja, Bi Jokha alimziba mdomo kwa kiganja, kwa upole. Jina lilibaki hapo kwenye kiganja. Kila akinawa alihisi kuna kitu hakitoki.

Alisikiliza yote bila ya kumkatiza mzee. Akaipokea nishani, akaitia katika kabati la vyombo vya kioo, baina ya birauli na chetezo, akafunga kwa ufunguo. Akauliza risasi ilimpata wapi. Mzee akasema walisema kifuani. Akauliza mwezi gani. Kisha akauliza kibao kimeandikwa vipi, na Rasha alipomwambia "Hayati", Bi Jokha akasema watu wa siku hizi hawajui hata wasemalo, hayati ni uhai, wamemzika mtu kisha wanamwandika yu hai, na kwa jina la mtu mwengine.

"Mwandike," akamwambia Rasha. "Mwandike kama alivyozaliwa."

Jumatano asubuhi Rasha alimweleza Hafiz. Hafiz alikuja mwenyewe karakana, akakaa kwenye kigoda kilekile, akasikiliza mpaka mwisho, na ilionekana kwamba anaamini kila neno. Hilo ndilo lililomtisha Rasha, kwamba anaamini. Hafiz akasema orodha imepita ngazi tatu na ina mihuri. Akasema vijana wanane wa kaskazini na mmoja wa Hurumzi ni habari nyengine, itahitaji kikao, na kikao kitauliza mengine, jina lile lina watu gani, walikuwa na mashamba wapi, waliondoka lini, nani aliyemsaidia. Akasema mzee mwenyewe anaweza kuulizwa kwa nini hakwenda alipoitwa. Alisema yote haya kwa sauti ya mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

"Na wewe pia," akamalizia, "jina lako la tatu ni Ghanim, sivyo?"

Rasha akasema ndiyo.

"Mimi sikuulizi kwa ubaya," Hafiz akasema. "Nnakuuliza kwa sababu ataulizwa mtu."

Akaondoka. Rasha aliogopa kama alivyoogopa mzee kwa barua yake, na akaona haya kwa hasira alizomtolea jana. Kuna watu huvuka mto na kuna watu hubaki na kahawa, na hakuna ajuaye yeye ni wa wapi mpaka aitwe. Akalitazama jiwe. Jina halikuwa limetajwa, kwa hivyo jiwe lilinyamaza.

Saa nane mchana akawaita mafundi wa mlango wa pili wakamsaidia kukilaza kibao kifudifudi juu ya magunia. Mgongo wake ulikuwa mkavu, haukung'arishwa, una alama za msumeno. Rasha akapima kwa kamba, akatafuta mahali panapolingana na mstari wa nne upande wa pili, akaandika kwa penseli. Jina lilitakiwa lisomwe mara tatu, na mzee, aliyekuwa amerudi karakana, alisema si yeye wa kuliita, wala Rasha hakuona ni haki yake. Akatuma watu Hurumzi.

Bi Jokha alishuka ngazi. Majirani walipomuona na buibui wakauliza nani kafa. Akawaambia Talal, na hilo lilikuwa la kwanza, lakini halikuhesabiwa kwa kuwa lilisemwa njiani. Karakana akasimama mbele ya jiwe, mkono wa kulia ameukunja ngumi. Mzee alikaa pembeni. Bi Jokha akakifungua kiganja, akakitazama, akasoma:

"Talal Ghanim."

Kimya. Rasha alisikia feni. Bi Jokha akasoma tena, na bado kimya. Mzee akashika kifua. Bi Jokha alipoita mara ya tatu hakusoma tena kilichoandikwa, aliita kama mtu aliye dirishani anamwita kaka yake apande chakula kinapoa.

"Talal!"

"Naam," likaitika jiwe.

Bi Jokha akakaa chini palepale, juu ya vumbi la marumaru, na buibui lake. Rasha hakupoteza wakati. Akashika tindo na nyundo akaanza kuchonga, na alikuwa amefika kwenye herufi ya mwisho mlango ulipofunguliwa akaingia Hafiz. Gari ya kuchukulia mzigo imepatikana leo, akasema, kesho haitakuwepo.

Kisha akaona kibao kimelala kifudifudi. Akasogea. Akamuona Bi Jokha chini, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa. Akaweka mkono juu ya mgongo wa jiwe, akapitisha vidole polepole juu ya herufi mbichi, moja baada ya moja, kama alivyokuwa akisahihisha daftari za watoto. Rasha hakuiweka tindo chini. Hafiz akavitazama vidole vyake vilivyoingia unga mweupe, akavifuta kwa leso.

"Mgongo hausomwi," akasema. "Tieni saruji nyingi."

Kibao kikapakiwa. Mzee alitoa kitambulisho kwa mazoea tu, amwoneshe Bi Jokha kadi isiyo jina, na pale palipokuwa peupe pameandikwa Kificho Ubwa Masoud. Rasha akalijaribu. "Mzee Kificho," akaita. Akaitika naam yake nyepesi, ya kwao, akalia kidogo, akasema awahi gari ya Mkokotoni isije ikamwacha.

Jumamosi mnara ulizinduliwa. Kulikuwa na viti vya plastiki, bendera na ngoma, na jua kali. Mgeni rasmi aliyasoma majina tisa, akitua baada ya kila jina kwa heshima. Alipofika "Hayati Kificho Ubwa Masoud", jiwe lilinyamaza. Upande wa mbele zilikuwa zimebaki herufi tu. Lakini kutoka safu ya mwisho, baina ya wauza pweza, mzee mmoja akasimama.

"Naam," akasema.

Miaka khamsini hakuwa ameitwa mbele za watu, hakuweza kujizuia. Mgeni rasmi alimwangalia juu ya miwani, akaendelea na jina la tano. Baadaye Hafiz alikwenda kumwomba, kwa adabu, asiitike tena penye hadhara kwa jina la shujaa. Wiki iliyofuata Mzee Kificho alikwenda ofisini na kitambulisho chake kilichorudiwa na jina. Karani akalitafuta jina, akaliona, akamwambia kwamba huyo ni hayati, yuko kwenye mnara, na akamuuliza yeye ni nani. Mzee akarudi nyumbani. Alisema alilolitaka lilikuwa la kaburini, la ofisini si muhimu.

Alifariki mwezi wa Rajabu. Kamati haikutuma mtu, kwa kuwa katika daftari zake alikuwa amekwisha kufa. Shehe alikaa juu ya kaburi akamwita Kificho mwana wa Mwanakhamis, na waliokuwa karibu walisikia kutoka chini naam nyepesi, ya mtu anayejua anaitwa yeye. Shehe akasubiri imalizike, akaendelea na talkini. Mwatum ameomba jina lake lisahihishwe skuli na hajajibiwa.

Kibao kiko vilevile, mistari tisa, hakijaongezwa hata nukta. Kamati imekiwekea mnyororo mbele, na watoto wa skuli hupelekwa kuyanakili majina daftarini. Nyuma ya mnara ni saruji tupu, na hapo wachuuzi wa samaki huegesha baiskeli zao. Kila Ijumaa baada ya sala Rasha humpeleka shangazi yake. Wachuuzi wameshamzoea, humsogezea baiskeli moja na kumpa ndoo iliyopinduliwa akalie. Bi Jokha huuelekea ukuta, huita kwa sauti ya chini, maana Hafiz ameshaandika barua ya upole kuhusu majina yasiyokuwemo kwenye orodha. Kutoka ndani ya saruji huitikiwa kwa ain iliyotimia.

Kisha humgombeza. Humuuliza kwa nini hakuandika hata barua moja, na karatasi zilikuwepo, na kalamu zilikuwepo. Humgombeza mpaka alasiri, na yeye kila akitajwa huitika.